Damu ya mwanamke, damu ya mbwa, damu ya ng'ombe

Ndugu zangu, nianze na jambo linalosemwa sana mitaani: kwamba mbwa jike naye hupata hedhi. Hapana. Damu ipo, ila ni ya shughuli nyingine kabisa.

Kwa mwanamke, kila mwezi ukuta wa ndani wa mji wa mimba hunenepa na kujaa mishipa ya damu bila kungoja mimba itunge. Isipotunga, utando ule hubomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi, na yai lilishatoka takriban wiki mbili kabla. Wanyama wengi hungoja kwanza kiinitete kifike. Kisipofika, utando hufyonzwa tu na mwili. Wenye hedhi kama yetu ni wachache: sokwe, nyani, baadhi ya popo, na hata baadhi ya sengi, wale wanyama wadogo wa Afrika wenye pua ndefu.

Mbwa hutoa damu siku kama 9 kabla ya kumkubali dume. Damu yake hutangulia yai. Kwa hiyo msichana anayedhani siku za damu ndizo za kushika mimba, na zilizobaki ni salama, amegeuza mambo juu chini, na hilo linanisikitisha sana, kwa sababu anayelipia kosa hilo ni yeye. Mwanamke hana joto, yaani kile kipindi ambacho mnyama jike humkubali dume. Yai lake hutoka bila dalili ya wazi kwa nje.

Sasa wafugaji. Ng'ombe hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe kwa kawaida halifiki siku nzima. Hulia, hupanda wenzake, na ute mwangavu huning'inia nyuma. Dalili ya kuaminika ni moja: akipandwa, husimama tuli. Ukimwona hivyo asubuhi, mhimilishaji, yule mtaalamu wa kumpandikiza ng'ombe mbegu za dume, aje jioni. Ukimwona jioni, aje kesho yake asubuhi, kwani yai hutoka baada ya joto kwisha. Siku moja hadi tatu baadaye unaweza kuona damu kidogo mkiani, hasa kwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Wengi ndipo hukimbilia simu. Mmechelewa! Damu hiyo haisemi kama ameshika mimba au la. Inasema joto limepita. Andika tarehe, na kuanzia siku ya 17 hivi anza kumwangalia tena, alfajiri na jioni.

Paka, sungura na ngamia wana utaratibu wao: kwa kawaida yai halitoki mpaka wapandwe.

Karibuni kwa maswali.