Ukiambiwa "piga tena kesho" usikate simu

Asanteni jamani, wa nyuma sogeeni tusikilizane. Nimeombwa niongee juu ya jipii, daktari wetu wa mtaa hapa England, na najua kila mtu humu ana stori yake ya saa 2 kamili asubuhi, simu sikioni, muziki unalia weee, ukija kupokelewa unaambiwa apointimenti za leo zimeisha, piga tena kesho. Na kesho ni hivyo hivyo.

Hilo la piga tena kesho ndo limenileta. Tangu 2023 mkataba wa majipii unasema ukiwasiliana nao mara ya kwanza tu wanatakiwa waangalie shida yako ikoje, au wakuelekeze pa kwenda, siyo kukwambia upige siku nyingine. Haimaanishi utaonwa leo leo, tusidanganyane, ila jibu lazima upate. Na tangu Oktoba 2025 fomu ya mtandaoni ya jipii, ile ya kuelezea shida yako, inatakiwa iwe wazi Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni, kwa mambo yasiyo ya dharura. Kwa hiyo sema kwa upole tu, naomba shida yangu iangaliwe leo. Wakigoma, muulizie meneja, andika malalamiko, weka tarehe na saa uliyopiga.

Ila wazee wangu, shikamooni, mkiulizwa hali mnajibu namshukuru Mungu, kumbe mguu umevimba tangu wiki iliyopita! Wa mapokezi anaandika alichosikia. Mwambie imeanza lini, inazidi au inapungua, una sukari, una presha. Kifua kikibana au uso ukipinda upande mmoja hiyo siyo ya jipii, piga 999, namba ya dharura, hapo hapo.

Koo, sikio la mtoto, mkanda wa jeshi, UTI kwa kina mama wa miaka 16 hadi 64, hayo tangu Januari 2024 famasi nyingi wanayamaliza wenyewe, dawa wanakupa bila kuonana na daktari.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote. Mtoto wa darasa la tano anatolewa shule aje kumtafsiria mama yake mambo ya uzazi. Hivi mama gani atasema yote mbele ya mwanawe? Anaficha, daktari anatibu nusu ya ugonjwa, mama anarudi nyumbani na maumivu yake na mtoto anabeba mzigo usio wake. Mkalimani wa Kiswahili ni bure, hulipi hata senti, unamuomba pale unapochukua apointimenti, na mama ukitaka mwanamke mwenzio sema mapema wamtafute.

Na wageni mliofika juzi, jipii haruhusiwi kukukatalia kujiandikisha eti huna pasipoti au bili ya nyumba. Fomu ninazo hapa mezani, anayetaka kusaidiwa kujaza abaki. Haya, maswali, tuanze na mama pale mlangoni.