Choroa Amerudi, Kwake Kuko Wapi?

Wakubwa shikamooni, vijana hamjambo. Najua mnachonong'ona: mzee kaja tena na choroa wake. Naam, nimekuja naye.

Choroa mweupe wa Arabuni, mnyama wa jamii ya swala. Wa mwisho porini aliuawa Oman mwaka 1972, na Oman hapa Tabora hatuulizani iko wapi, wengine humu babu zao walitoka huko. Wachache walikuwa wameshapelekwa bustani ya wanyama ya Phoenix, Marekani, wakazaana. Mwaka 1982 wakarudishwa jangwani, Jiddat al-Harasis, na Waharasis, wafugaji wa ngamia na mbuzi, wakawa walinzi wao. Mwaka 1994 UNESCO ikaitia hifadhi ile katika Urithi wa Dunia. Kufika 1996 choroa walikuwa 450. Makofi!

Nani kawaambia mpige? Sijamaliza. Wakaja majangili, wakawakamata wazima wakawauzie wenye fedha zao. Kisha chini ya jangwa yakaonekana mafuta, na serikali ikaamua kuipunguza hifadhi kwa asilimia 90. Choroa wakabaki 65, jozi za kuzaana 4. Mwaka 2007 hifadhi ikafutwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, ya kwanza kufutwa tangu orodha hiyo ianze. Mnaona? Mgeni kaitwa arudi nyumbani, kufika anakuta nyumba imepigwa mnada!

Kuna kijana pale ataniuliza, "Mzee, jangwa si mchanga tu, linaharibikaje?" Kaa chini, mwanangu. Choroa anaishi wiki kadhaa bila kunywa kwa sababu majani na umande vinamtosha. Mvua ikinyesha mbali, anaifuata, na jua likiwaka anajilaza chini ya mgunga. Sasa pitisha malori hapo, kata na huo mgunga, halafu unionyeshe mchanga wako mtupu.

Tena msiniambie Tabora hatuna jangwa. Palahala wa Ugalla, swala wa hapa kwetu, tunajisifu naye, na Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019. Haya, mabani ya tumbaku yanakaushia kwa kuni za wapi? Mbona kimya? Warina asali, wenye mizinga yao msituni, wananielewa.

Nilitaka kuwaeleza na Chad, walikorudishwa choroa wa pembe za upanga mwaka 2016, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na huko nyuma naona wameshaifuata chai. Basi, ya Chad siku nyingine. Aliyenyoosha mkono, uliza, ila usiniulize kama choroa analiwa.