Nani Hasa Anahitaji Distro Inayosasishwa Mfululizo?

REHEMA: Karibuni. Leo tuna swali linalokuja kila mara: nataka programu mpya mpya, je, nihamie distro inayosasishwa mfululizo, yaani mfumo wa Linux unaopokea programu mpya kila zinapotoka bila kungoja toleo kubwa? Kaka Baraka, wewe unaitumia kila siku.

BARAKA: Naitumia na naipenda. Ila dada Rehema, mtu akiniuliza hivyo namrudishia swali: ni programu ipi unayoona imepitwa na wakati? Debian thabiti, distro isiyo ya namna hiyo, hutoa toleo jipya takriban kila miaka 2. Toleo la 12 lilitoka Juni 2023, la 13 Agosti 2025. Katikati unapata viraka vya usalama, lakini programu nyingi hubaki kwenye matoleo yale yale. Kama shida yako ni Blender au LibreOffice tu, ichukue kwa Flatpak, njia ya kusakinisha programu ikiwa na mahitaji yake yenyewe, mfumo uuache ulivyo.

REHEMA: Kwa sababu Flatpak haitegemei maktaba za mfumo, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja.

BARAKA: Haswa. Lakini kompyuta ikiwa mpya kiasi kwamba keneli yako, kiini cha mfumo kinachoendesha vifaa, haiitambui kadi ya michoro, Flatpak haina msaada. Hapo ndipo ninapomwambia mtu aangalie Arch au openSUSE Tumbleweed, distro zinazosasishwa mfululizo.

REHEMA: Wengi wanaogopa. Wanasema zinaharibika ovyo.

BARAKA: Mara nyingi chanzo ni namna ya kusasisha. Chukua Arch. Mtu anataka programu moja, anatumia pacman, kisakinishi cha Arch, anaandika pacman -Sy na jina lake. Orodha ya vifurushi imesasishwa, mfumo haujasasishwa. Programu inaingia na maktaba mpya, na zile zilizojengwa juu ya maktaba ya zamani zinagoma kufunguka. Arch wenyewe wanasema wazi kwamba kusasisha nusu nusu hakuungwi mkono. Andika pacman -Syu, kila kitu kiende pamoja. Na upitie habari kwenye tovuti yao kwanza. Panapohitajika kazi ya mkono, wanatangaza pale.

REHEMA: Kwa anayeanza?

BARAKA: Tumbleweed, bila kusita. Kabla masasisho hayajatoka, openQA, mfumo wao wa majaribio ya kiotomatiki, huusakinisha mfumo kwenye mashine pepe, huuwasha, hufungua programu na kulinganisha kinachoonekana kwenye skrini na kile kinachotakiwa. Halafu ukisakinisha kwa mpangilio wake wa kawaida wa diski, uitwao Btrfs, zana ya Snapper huhifadhi hali ya mfumo kabla na baada ya zypper dup, amri ya kusasisha mfumo mzima. Skrini ikiwa nyeusi asubuhi, unachagua hali ya jana kwenye menyu ya kuwasha, unaingia, unaandika snapper rollback, unawasha upya.

REHEMA: Nami nina wasiwasi wa usalama. Machi 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikutwa na mlango wa siri wa kuwaingiza wavamizi. Tumbleweed ilikuwa imeshayapokea, Debian thabiti haikuguswa.

BARAKA: Ni kweli, na nalichukulia kwa uzito. Mhandisi wa programu Andres Freund aligundua baada ya kuona SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde. Kipya hukufikia mapema, kiwe kizuri au kibaya. Ndiyo maana seva inayohudumia watu naiweka Debian.

REHEMA: Na mwenye kadi ya michoro ya NVIDIA?

BARAKA: Kwenye Arch, aweke pia linux-lts, keneli inayodumishwa kwa muda mrefu, pamoja na draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi. Keneli mpya ikikosana na draiva, anawasha kwa ile nyingine na kazi inaendelea. Na masasisho ayafanye siku yenye nafasi, si dakika kumi kabla ya kikao.