Si Kila Kiungulia ni cha Kisu

Mhadhara kwa wananchi na wahudumu wa afya, Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa afya mliojaa huku mbele. Kiungulia chenyewe sitakieleza. Aliyekuja jioni hii anakijua kifuani mwake, au kwa mumewe anayelala amekaa. Nimeitwa kuzungumza upasuaji, na suali ninaloulizwa kila ninapokwenda, Mkoani mpaka Konde, ni hili hili: "Dokta, vidonge vimeshindwa. Si nipasuliwe tu?"

Upasuaji upo, tena ni mzuri. Nalisema hili mwanzo kwa sababu kuna watu wakitoka hapa watasema dokta anapinga operesheni. Sipingi, ndiyo kazi yangu. Ninachopinga ni mtu kulazwa mezani kabla hakijajulikana kinachomuumiza.

Operesheni inayojulikana zaidi ina jina la Rudolf Nissen, daktari wa Kijerumani aliyehamia Istanbul. Mwaka 1936 alimpasua mgonjwa mwenye kidonda chini ya umio, na ili kuukinga mshono akauzungushia sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Baadaye akaona yule mtu hasumbuliwi na tindikali ya tumboni kupanda. Akaja kuitangaza mwaka 1956, wakati huo yuko Basel, Uswisi. Msingi haujabadilika: sehemu ya juu ya mfuko wa chakula inazungushwa kama kilemba kwenye ncha ya umio, na lile tundu la msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kama limepanuka, linashonwa lipungue. Mwaka 1991 Bernard Dallemagne wa Ubelgiji na wenzake wakaeleza namna ya kuifanya kwa matundu madogo na kamera, ndiyo maana leo mtu hachanwi kutoka kifuani mpaka kitovuni. Wapo wanaozungusha duara kamili, wapo wanaoishia nyuzi 270, namna inayoitwa Toupet, ambayo kwa kawaida humpunguzia mgonjwa taabu ya kumeza na gesi.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo watu wanaponibishia. Mnadhani anayefaa kupasuliwa ni yule ambaye vidonge havimsaidii kabisa. Ni kinyume chake. Anayefaa zaidi ni yule ambaye vidonge vinamsaidia. Omeprazoli, ndiyo hivyo vidonge, inapunguza tindikali. Ukimeza sawasawa ukapata nafuu, tumejua mkosa ni tindikali. Ukimeza sawasawa na hupati hata chembe ya nafuu, basi huenda tunamshitaki asiyehusika, na kama ni hivyo, kuzungusha mfuko wa chakula hakutakusaidia kitu.

Mtaniuliza: kama vidonge vinamsaidia, apasuliwe kwa nini? Kwa sababu kidonge hakizuii kitu kupanda, kinapunguza ukali wake tu. Mtu kifua hakimchomi tena, lakini akilala maji yanamjaa mdomoni, anaamka anapaliwa. Mwengine tundu lake ni kubwa na sehemu ya mfuko wa chakula imepanda kifuani. Mwengine ni kijana, hataki kumeza vidonge miaka 40. Hao tunazungumza nao.

Kuna mzee mmoja, mkulima wa karafuu, upande wa Wete. Jina nalihifadhi. Alikuja na wanawe wawili, na bahasha ya pesa za karafuu ilikuwa tayari kwa safari ya India. Ameshaambiwa mahali kuwa kiungulia chake kimekuwa sugu, akafanyiwe operesheni. Kifua kinamchoma, chakula kinapanda usiku, na amekonda mpaka kanzu inamvaa yeye. Vidonge amemeza vya kila rangi.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, hicho kinachopanda usiku kina ladha gani?"

Akanitazama kama nimemvunjia heshima. "Ladha gani tena, dokta? Wali ule ule niliokula."

"Si kichachu? Si kichungu?"

"Hata. Wali tu, na mchuzi wake."

Vijana wa afya, hapo mnatakiwa msimame. Chakula kilichofika kwenye tindikali kwa kawaida hakirudi na ladha ya mchuzi. Wali ule ulikuwa haujafika chini. Tukampiga picha ya eksirei akiwa anameza ule uji mweupe wa bariamu, na umio ulikuwa umepanuka juu, chini umebana kabisa. Ugonjwa ule unaitwa akalasia: msuli wa chini ya umio haufunguki. Chakula kinalala mle, kikikaa sana kinachacha, kinachoma, na mgonjwa anasema kiungulia, tena hasemi uongo. Sasa fikirini mtu huyu angefika huko na kuzungushiwa kile kilemba, pale pale palipokwisha kubana. Asingemeza hata mate. Tiba yake ni kinyume: msuli unakatwa ili ufunguke. Na ndiyo aliyofanyiwa. Ninamtaja kila ninaposimama, na nitaendelea kumtaja mpaka nisikie kila kituo cha afya Unguja na Pemba kinauliza lile suali la ladha. Suali halina gharama!

Na msiseme huyo ni mmoja. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani kwa watu waliowahi kuwa wanajeshi. Walikuwa 366, wote wanatumia dawa na wote bado wanalalamika kiungulia. Jambo la kwanza lililofanywa ni kuwamezesha omeprazoli kwa utaratibu, mara mbili kwa siku kabla ya kula, kwa wiki mbili. Watu 42 wakapata nafuu kwa hilo tu! Baada ya vipimo, 99 umio wao haukuwa na kasoro ya kueleza maumivu yale, na 23 walikuwa na maradhi mengine ya umio, kama yule mzee wangu. Wengine waliondolewa kwa sababu mbalimbali, wengine hawakumaliza. Mwisho wakabaki 78, ambao vipimo vilionesha kiungulia chao kinatokana kweli na tindikali kupanda. Hao wakagawanywa, na baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walifanikiwa kwa asilimia 67, waliopewa dawa za ziada 28, waliobaki na omeprazoli peke yake 12. Basi kisu kilishinda, na kilishinda kwa mbali, kwa watu waliochujwa.

Hao 42 wananigusa khasa, kwa sababu sisi kidonge tunameza tukishashiba. Omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya chakula. Mtaniambia, na Ramadhani je? Fungua kwa tende na maji, meza kidonge, kaswali Magharibi, ukirudi ndiyo ukae kwenye futari. Na ukila daku, usirudi kulala hapo hapo.

Vipimo, nnajua, mtasema ni pesa na ni safari. Na operesheni si pesa na safari? Kamera ya umio kwanza. Kisha, kama kamera haikutoa jibu, waya mwembamba unaopitishwa puani na kukaa saa 24, baada ya kuacha vidonge wiki moja, unaohesabu muda tindikali inaokaa ndani ya umio. Ukizidi asilimia 6 ya siku, yaani karibu saa moja na nusu, hakuna ubishi. Na kipimo cha nguvu ya misuli ya umio, hicho kisirukwe kabla ya kisu.

Naoneshwa saa, basi nafanya haraka. Baada ya operesheni utakula vilaini kwa wiki kadhaa, uji na supu, urojo wa pilipili usubiri. Gesi inaweza kukujaa, na kucheua, hata kutapika, kukawa kugumu. Na si lazima idumu: Sweden walifuatilia watu 2,655 waliofanyiwa kwa matundu, asilimia 17.7 tindikali iliwarudia. Pete ya sumaku inayovishwa kwenye ncha ya umio, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2012, ni mada ya siku nyengine. Mtu mnene sana aulize kuhusu operesheni ya kupunguza unene kwa kuupita mfuko wa chakula, na ajihadhari na ile ya kuukata uwe mwembamba, inaweza kumzidishia kiungulia.

Chakula kikikwama, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi, au ukikonda bila sababu, usimeze tena vidonge vya dukani. Njoo hospitali wiki hiyo hiyo; na kama ni damu, choo cheusi, au chakula kilichokwama kisitoke, njoo siku hiyo hiyo.

Mama wa pale nyuma ameuliza mimba. Hapana mama, mjamzito hatumfanyii operesheni ya kiungulia. Kwa wengi kinaondoka baada ya kujifungua. Ainue kichwa akilala, ale kidogo kidogo, na dawa aulize kliniki anakohudhuria.