Kipokezi Kikuukuu cha GPS na Kitufe Chekundu cha Redio

Ndugu manahodha na mafundi,

Redio ya baharini ya VHF yenye DSC, yaani mfumo wa kutuma wito kwa tarakimu, ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Nahodha akikibonyeza na kukishikilia kwa sekunde chache, hutoka kwenye chaneli ya 70 ishara ya hatari yenye nambari ya utambulisho wa chombo chake, tarakimu 9, pamoja na mahali kilipo. Tatizo ni kwamba redio nyingi za aina hiyo hazina GPS ndani, na zisipoletewa mahali kutoka nje, anayeipokea ishara hujua nani anazama bila kujua anazamia wapi. Latitudo na longitudo zaweza kuingizwa kwa mkono, ila chombo hakitulii, na anayekumba maji ya ngama, yaliyojaa chini ndani ya chombo, hana mkono wa kubofyea tarakimu.

Kipokezi cha mkononi cha miaka ya 1990, ambacho simu imekifanya kilale kabatini, kinatosha kabisa kwa kazi hii, mradi kina tundu la data. Vingi hutoa maelezo kwa kanuni ya NMEA 0183, lugha ambayo vifaa vya baharini hupashana data, biti 4,800 kwa sekunde, nayo ndiyo ambayo redio huielewa. Kikiwa karibu na Fort Jesus, mstari mmojawapo huanza hivi: $GPGLL,0403.77,S,03940.77,E. Maana yake ni digrii 4 na dakika 3.77 kusini, digrii 39 na dakika 40.77 mashariki.

Nyaya ni mbili tu: ya kutoa data ya kipokezi huungwa na ya kupokea data ya redio, na hasi kwa hasi. Rangi msizifuate kwa mazoea, kwani kila mtengenezaji ana zake. Fuateni kitabu cha maelekezo cha kila kifaa. Mimi niliwahi kulehemu vizuri, nikafunga gundi, kisha nikahangaika alasiri nzima na redio isiyoonyesha kitu, kumbe kwenye menyu ya kipokezi sikuwa nimechagua NMEA.

Umeme ndio unaoua vifaa hivi. Kipokezi cha betri mbili ndogo kisidhaniwe kitastahimili volti 12 za betri ya mashua. Tumieni kipunguza volti kinacholingana nacho, chenye fyuzi, au kiacheni na betri zake na kuzibadilisha kabla ya safari.

Vipokezi kadhaa vya zamani huonyesha tarehe ya miaka ya nyuma, kwa sababu hesabu ya wiki za GPS, ambayo hufika 1,024, ilirudi sifuri tarehe 6 Aprili 2019. Hilo lisiwatie shaka: mahali huweza kubaki sahihi hata tarehe ikipotea. Kitufe chekundu kisibonyezwe kwa majaribio. Linganisheni tarakimu za kioo cha redio na za kipokezi, kisha sogezeni mashua muone kama zinabadilika pamoja. Saa itakayoonekana huwa ni ya UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwetu ongezeni saa 3.