Kichwa Cha Kila Siku na Panadoli ya Kaunta

YORAMU: Mbukwenyi wasikilizaji! Upepo wa Dodoma leo hauna adabu, vumbi limetufuata hadi kwenye maikrofoni. Mimi ni Yoramu, na dada Upendo, muuguzi wetu, yupo.

UPENDO: Mbukwa kaka. Leo tunaongelea kichwa.

YORAMU: Kwa sababu ya yule mama wa Majengo.

UPENDO: Eeh. Tumesimama duka la dawa karibu na soko, kaja mama muuza mboga, mikono bado imelowa maji ya mchicha. Hakusema hata neno. Kaweka mia mbili juu ya kaunta, muuzaji kamkatia vidonge viwili vya panadoli kwa mkasi, kavimeza palepale, huyoo, karudi kwenye mafungu yake.

YORAMU: Kama ananunua vocha.

UPENDO: Nikamuuliza muuzaji, huyu huja mara ngapi? Akacheka, "Huyo ni wa kila siku." Hiyo "kila siku" ndiyo imenileta hapa leo.

YORAMU: Lakini dada, panadoli si dawa salama? Hata watoto tunawapa.

UPENDO: Ni salama kwa kipimo chake. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24, ini litamdai. Ila mimi nasema jambo jingine. Mtu ambaye tayari ana tabia ya kuumwa kichwa, akimeza dawa za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, ikaenda hivyo zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inamuumiza. Anaamka kinauma, anameza, kinatulia, dawa ikiisha mwilini kinarudi. Kwa dawa za mchanganyiko, yaani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja, na zile zenye kodeini, dawa kali ya maumivu, siku 10 tu kwa mwezi zinatosha.

YORAMU: Ngoja kwanza. Dawa ya kichwa inaleta kichwa?

UPENDO: Ndiyo hivyo. Na tiba yake ni kuiacha. Tatizo, siku za mwanzo kichwa huuma zaidi kabla hakijatulia, kwa hiyo aonane na daktari ampangie, asijikaze peke yake. Achukue daftari aandike: leo kimeuma, saa ngapi, upande gani, nimemeza nini, nilikula saa ngapi, kwa wanawake na siku za hedhi. Daktari akiona daftari hilo anajua aanzie wapi.

YORAMU: Wengine watakwambia, mimi ni presha hii.

UPENDO: Presha kwa kawaida haina kelele. Unaweza kuwa nayo miaka, kichwa kimya kabisa. Kapime, usikisie kwa kichwa. Malaria nayo hivyohivyo. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini, lakini mtu akipata homa na kichwa anakwenda moja kwa moja kununua dawa mseto. Kipimo cha kuchoma kidole kinatoa jibu ndani ya nusu saa! Pima.

YORAMU: Basi kichwa cha kawaida kinatokana na nini?

UPENDO: Kikubwa ni cha mkazo: kinabana pande zote, shingo inakakamaa, ila kazi unafanya. Mtu kashinda juani hajanywa maji, hajalala vizuri, kafunga kula hadi saa tisa. Halafu kuna kipandauso. Hicho kinapwita, mara nyingi upande mmoja, kichefuchefu, mwanga na kelele hutaki, kinadumu kati ya masaa 4 na siku 3 usipotibiwa. Wanawake ndio hukipata zaidi. Wanaambiwa wamelogwa au wanadeka, na dawa zake zipo.

YORAMU: Mimi nataka ulitaje na jiko la mkaa. Huu ubaridi wa Juni na Julai...

UPENDO: Ahaa, umenigusa. Usiku unakuwa baridi, mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga dirisha. Mkaa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Mkiona wote ndani ya nyumba mnaumwa kichwa kwa pamoja, kizunguzungu, kichefuchefu, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si mafua. Tokeni wote, fungueni madirisha, mwende hospitali. Asiyeamka atolewe kwanza. Watu wanakufa usingizini kwa hili.

YORAMU: Na kichwa kipi mtu asingoje kesho?

UPENDO: Kile kinacholipuka ghafla, ndani ya dakika moja kinakuwa kikali kuliko vyote ulivyowahi kuumwa. Kichwa na homa na shingo ngumu, hasa ukianza kuchanganyikiwa. Uso kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito: hicho ni kiharusi, kila dakika ina thamani. Kuanguka na bodaboda, hata kama ulinyanyuka ukatembea, halafu kichwa kinazidi, unatapika, unasinzia. Hapo usipitie duka la dawa, nenda hospitali.

YORAMU: Na wazee?

UPENDO: Aliyepita miaka 50 ambaye hakuwa na historia ya kichwa, kikianza, aende akaangaliwe. Na anayeishi na VVU akipata kichwa kipya kisichoisha, aende haraka, kuna fangasi inayoshambulia utando wa ubongo.

YORAMU: Nina ujumbe hapa, kaka mmoja wa Kondoa. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba, kichwa kinamuuma tangu jana, anasema anaona nyota nyota. Kliniki yake ni Alhamisi. Nimpe panadoli asubiri?"

UPENDO: Umeupata lini huo?

YORAMU: Umeingia sasa hivi.

UPENDO: Mwandikie asisubiri Alhamisi, amtafutie usafiri aende naye hospitali leo hii, wampime presha na mkojo. Kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinanyemelea. Abebe na kadi ya kliniki. Andika, Yoramu, mimi nasubiri.