Kutoka Bryn Mawr: majuma ya kwanza ya Mmarekani chuoni Wales

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaosubiri viza zenu, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya mgeni katika chuo cha ng'ambo. Ningeweza kusimulia yangu, lakini nimechagua ya Mmarekani. Sisi tukienda Uingereza tunajijua kuwa wageni tangu uwanja wa ndege. Hata koti la kuazima linatusema. Mmarekani hajijui. Anafika na Kiingereza alichonyonya kwa mama yake, akidhani amehama chumba tu, nyumba ni ile ile.

Miaka niliyoishi Aberystwyth, mji mdogo wa pwani magharibi mwa Wales, nilikuwa nawapokea wanafunzi wapya stesheni kila mwisho wa Septemba. Reli inaishia hapo. Mbele yako ni bahari. Mwaka mmoja alishuka binti wa Pennsylvania, na kabla hata hatujasalimiana akaniuliza matangazo ya ndani ya treni yalikuwa ya lugha gani. Kiwelisi, nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema alidhani ni lugha iliyobaki vitabuni.

Siku za mwanzo zilikuwa na yale ya kawaida. Magari yanapita kushoto, kwa hiyo yeye alitazama upande usio sahihi kila alipovuka barabara; ninyi hilo halitawasumbua. Sinki ya bweni ilikuwa na bomba mbili, moja ya maji ya moto na moja ya baridi, na ukitaka vuguvugu unachanganya mwenyewe. Taa ya bafuni inawashwa kwa kuvuta kamba. Mvua inakuja kwa ubavu kutoka baharini, mwavuli hauna kazi. Jioni wanafunzi wanatembea ufukoni mpaka mwisho wa barabara, chini ya kilima, na wakifika wanapiga teke uzio wa chuma ndipo wanageuka. Ni desturi ya mji. Alipiga teke siku ya pili, akafurahi kama mtoto.

Kilichomliza ni alama. Insha yake ya kwanza ilirudi na 62. Alinijia akiwa ameikunja vipande vinne, na nilipoikunjua niliona machozi yamelowesha wino. Kwao, 62 ni kuponea chupuchupu. Nikamkalisha nikamweleza: hapa 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, na 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, ambalo wanafunzi wengi wazuri wanahitimu nalo. Umefanya vizuri, mwanangu. Hakuniamini mpaka mwalimu wake aliporudia maneno hayo hayo. Shikeni hili: ulizeni kipimo kabla hamjapimwa. Nimeona vijana hodari wakitaka kufunga virago kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyewafafanulia. Na vipindi darasani ni vichache kuliko mlivyozoea, hasa kwenye masomo ya sanaa. Hiyo si likizo, saa zilizobaki ni za kusoma mwenyewe. Yeye alizipeleka Maktaba ya Taifa ya Wales, ambayo iko pale pale kilimani juu ya mji.

Sasa nirudi kwenye lugha, maana ndiyo iliyonifanya nije.

Vibao vyote vya barabara ni vya lugha mbili. Ukiingia nchini unakuta *Croeso i Gymru*, karibu Wales. Binti akatafuta "Gymru" kwenye kamusi, hakuliona. Nchi inaitwa *Cymru*. Ikitanguliwa na *i*, herufi ya kwanza inageuka. Alikasirika kwelikweli: lugha gani inabadilisha neno kichwani? Nikamwambia, yangu. Mgeni anayesikia "nitawaona" akienda kulitafuta kwenye N atakesha. Akili ya Mzungu imezoea neno kubadilika mkiani. Sisi tangu utotoni tunajua ulimi na ndimi ni kitu kimoja.

Na si hilo tu. Kiwelisi kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. *Dd* yao ni dh ya dhahabu, *ch* yao ni kh ya Khamis. Sifa inafuata nomino. Nilikuwa najifunza Kiwelisi jioni na mara nyingi nilijisikia niko nyumbani kuliko nilivyowahi kujisikia ndani ya Kiingereza.

Hapo ndipo nilipomuuliza kwao ni mji gani. Akasema Bryn Mawr, akilitamka "brin maar". Nikamuuliza maana yake. Hakuijua; kwake lilikuwa jina la stesheni kwenye njia ya kwenda Philadelphia. *Bryn* ni kilima, *mawr* ni kubwa. Karibu na Dolgellau, kaskazini mwa tulipokuwa, kulikuwa na shamba la jina hilo. Mwenye shamba, Rowland Ellis, alikuwa Mquaker, dhehebu ambalo Wakenya wa Magharibi mnalijua kama Marafiki, na mwaka 1686 alihamia Pennsylvania, kama walivyofanya Waquaker wengi wa Wales waliochoka kuteswa kwa imani yao. Jina likavuka bahari pamoja naye. Basi binti alikuwa amezaliwa na kukulia ndani ya maneno ya Kiwelisi bila kujua.

Jumatatu iliyofuata alijiandikisha darasa la jioni la Kiwelisi.

Huko ndiko alikosikia habari za kile kipande cha mbao. Karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi alitundikwa shingoni kibao chenye herufi W.N., kifupi cha *Welsh Not*, yaani Kiwelisi marufuku. Akimsikia mwenzake, anamkabidhi. Jioni, aliyebaki nacho anachapwa. Wakenya mliomo humu naona mnatazamana. Ndiyo, ni *monto* ile ile, kibao tulichovishwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani. Mimi nilivaa yangu darasa la nne, imefungwa kwa kamba ya katani, na harufu yake ninayo mpaka leo. Niliposimulia hilo, yule mama aliyekuwa akitufundisha aliweka chaki chini, darasa lote likakaa kimya.

Kila siku binti alivuka daraja la Trefechan kwenda mjini. Tarehe 2 Februari 1963 vijana, wengi wao wanafunzi kama ninyi, waliketi katikati ya daraja hilo kwenye baridi wakazuia magari, wakidai barua za kuitwa mahakamani ziandikwe kwa Kiwelisi pia. Vibao anavyovisoma leo vina mizizi kwenye madai ya aina hiyo. Katika sensa ya 2021 waliosema wanakizungumza walikuwa kiasi cha 538,000, asilimia 17.8, na serikali yao inataka wafike milioni moja ifikapo 2050. Kwa hiyo mgeni anayesema *diolch*, asante, anaposhuka basi, anasikika. Dereva anageuza shingo.

Katikati ya Novemba tulipanda basi moja kurudi kilimani, mimi nyuma, yeye mbele karibu na bibi mmoja mwenye kikapu. Bibi akamuuliza jambo kwa Kiwelisi, pengine kwa sababu ya daftari lililokuwa wazi mapajani mwake. Alikuwa akimuuliza anatoka wapi. Binti akavuta pumzi. Neno la "kutoka" ni *o*, nalo linageuza B kuwa F, inayotamkwa v. Nikaona midomo yake ikijaribu kwanza bila sauti. Kisha akasema, *O Fryn Mawr.*

Bibi alidhani anasema Brynmawr ya kule kusini, kwenye mabonde ya makaa ya mawe, na akaanza kumuuliza habari za watu wa huko.